Boksi la faiba liko nguzoni lakini halijawaka: namna ya kulifuatilia

Boksi la mtaani kwetu lilipandishwa nguzoni mwezi wa saba. Siwezi kusahau, maana ilikuwa siku ya matokeo ya kidato cha sita. Duka langu la steshenari hapa Kinyerezi, Dar es Salaam, lilijaa vijana na wazazi wanaotaka karatasi ya matokeo, na mimi nategemea bando la simu ambalo ukurasa ukifika nusu linazunguka, linazunguka, halafu linagoma. Mafundi wawili wakaegemeza ngazi kwenye nguzo ya mbele ya duka, wakafunga boksi jeusi la ukubwa wa kopo la rangi la lita nne, waya uliobaki wakauviringisha kama kata ya kubebea ndoo, wakashuka. Nikawapa maji ya kunywa. Mmoja akaniambia, "Mama, wiki mbili tu, utasahau mambo ya bando."

Wiki mbili hizo zilikwisha mwezi wa pili wa mwaka uliofuata.

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye boksi mlangoni na mtandao hana. Kampuni siitaji. Jirani zangu wa Segerea wako na kampuni nyingine kabisa, nao wananisimulia hadithi ile ile, majina tu ndiyo yanabadilika.

Acha kuuliza "lini"

Miezi mitano ya kwanza niliipoteza kwa swali bovu. Kila nikipiga simu huduma kwa wateja niliuliza, "Mtandao utawaka lini?" Swali hilo lina jibu moja tu nchi nzima: hivi karibuni. Kijana wa kwenye simu hana kosa, anasoma kilichoandikwa kwenye kioo chake. Nilianza kusonga mbele siku nilipogundua kwamba boksi lililochelewa limekwama mezani kwa mtu fulani, akisubiri kitu fulani, na kazi yangu ni kujua ni meza ipi.

Kuna hatua tatu, na kila moja inaweza kukwama peke yake. Boksi linajengwa. Boksi linawashwa, yaani mwanga unaobeba mtandao ndani ya waya wa faiba unafika. Halafu boksi linaingizwa kwenye mfumo, yaani kwenye ramani ambayo watu wa mauzo wanaiangalia wanapokujibu. Sisi mtaani tunaona hatua ya kwanza tu, tunadhani kazi imekwisha.

Fuata waya kwa miguu

Kabla ya kupiga simu yoyote, toka nje utembee. Anza kwenye boksi, fuata waya nguzo hadi nguzo mpaka uone unakoelekea. Mimi nilitembea kama dakika ishirini na tano, nikafika kwenye kabati la chuma la rangi ya kijivu lililosimama kwenye zege pembeni ya barabara ya lami.

Tofauti ya vitu hivi viwili inafaa kuijua, kwa sababu kuna uongo mmoja unaouzwa sana. Boksi la nguzoni halili umeme. Ndani yake kuna nyuzi za kioo na kitu wanachokiita splita, ambacho kinaupokea mwanga mmoja na kuugawa mara nane au kumi na sita. Basi. Hakuna feni, hakuna betri, hakuna taa. Wakala aliyeniambia mwezi wa kumi kwamba "tunasubiri umeme wa boksi" alikuwa anatunga, labda bila kujua mwenyewe. Kabati ni habari nyingine. Mara nyingine ndani ya kabati mna mtambo wenyewe unaorusha mwanga, na huo unataka umeme saa 24 pamoja na betri za akiba. Mara nyingine kabati nalo ni la kugawia nyuzi tu, na mtambo uko mbali, kwenye jengo au kwenye mnara.

Utajuaje? Sogeza sikio. Kabati lenye mtambo ulio hai linanguruma, feni zake husikika hata ukiwa hatua mbili tatu, na ukiligusa ubavuni lina joto kidogo. Tazama pia kama kuna mita ya umeme karibu, au ubao mtupu uliotengwa kwa ajili ya mita na waya unaning'inia. La kwetu lilikuwa linanguruma tangu mwezi wa nane. Na hapo lazima nicheke kidogo: sisi tunaishi jirani na mitambo ya kufua umeme kwa gesi ya Kinyerezi, ile ya pili peke yake ina uwezo wa megawati 240, halafu mtu ananiambia mtaa unasubiri umeme wa boksi lisilokula umeme.

Kwa hiyo nikaufuta umeme kwenye orodha yangu. Ukikuta kabati lako limekufa kimya, wewe unaanzia hapo: uliza nani ameomba umeme wa kabati, ameomba tarehe gani, na kama malipo ya kuunganishiwa yamekwisha kufanyika.

Ukiwa chini ya boksi, piga picha lebo. Karibu kila boksi lina kibandiko au kibao chenye herufi na tarakimu. Kama iko juu sana vuta kwa kamera, au muombe kijana mwenye simu nzuri. Namba hiyo ndiyo jina la boksi lako. Usiseme "boksi la karibu na msikiti", maana misikiti ni mingi.

Ofisi ya mtaa ina faili

Hii sikuambiwa na mtu, niliipata kwa bahati. Nilikwenda serikali ya mtaa kugonga muhuri barua ya binti yangu, nikamlalamikia mtendaji habari za boksi. Akavuta droo. Kontrakta anapoingia mtaani kuchimba au kusimika nguzo huwa anajitambulisha ofisini, na wetu aliacha barua: jina la kampuni yake, kazi anayofanya, kwa niaba ya nani, na namba ya msimamizi wa kazi. Maana aliyejenga siye anayekuuzia kifurushi. Kampuni ya mtandao hutoa zabuni, kontrakta anajenga, na mara nyingine kontrakta naye anampa mwingine.

Mtendaji hakunipa karatasi, aliniruhusu ninakili namba. Nikampigia msimamizi nikiwa nimesimama pale pale nje.

"Shikamoo mama. Kazi sisi tumemaliza tangu mwezi wa tisa. Hatujapokelewa."

"Hamjapokelewa vipi, mwanangu?"

"Mkaguzi wa kampuni anatakiwa aje apime poti zote, yaani matundu ya kuunganishia wateja, asaini. Asiposaini, sisi hatulipwi na boksi haliingii kwenye mfumo. Tumetuma ripoti, hawajajibu."

Nikapiga kampuni. Wakasema wanasubiri ripoti ya kontrakta. Huyu anamsubiri yule, yule anamsubiri huyu, na katikati tumekaa sisi na bando. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitano kupata jibu lenye tarehe ndani yake. Nikamuomba msimamizi jambo moja tu: anitajie siku aliyotuma ripoti. Akatazama, akanitajia. Tarehe ile ilikuwa na thamani kuliko simu zote nilizopiga kabla.

Hapo pia nikaelewa kile kioja cha huduma kwa wateja. Mwezi wa kumi na moja nilimpigia kijana nikiwa nimesimama chini ya nguzo.

"Dada, eneo lako bado halijafikiwa na huduma yetu."

"Kaka, boksi lenu liko juu ya kichwa changu. Lina nembo yenu."

"Kwenye mfumo halionekani, dada."

Alikuwa anasema kweli. Kwenye ramani yake sisi hatukuwepo. Usigombane na mtu wa aina hiyo. Muombe akuandikie namba ya tatizo na apeleke swali kwa watu wa mipango au wa ujenzi wa mtandao, si kwa watu wa mauzo.

Andika, na utaje tarehe

Simu hupotea hewani. Barua pepe inabaki. Niliyotuma mimi ilikuwa hivi, ichukue uibadilishe:

"Mimi ni mkazi na mfanyabiashara wa mtaa wa (jina), kata ya Kinyerezi. Boksi lenu lenye lebo namba (namba) lilifungwa kwenye nguzo ya mbele ya duka langu tarehe (tarehe), picha nimeambatanisha. Kontrakta wenu anasema aliwasilisha ripoti ya vipimo tarehe (tarehe). Naomba kujua: je, ripoti hiyo mmeipata? Kuna poti zilizoshindwa, na kama zipo zitarekebishwa lini? Boksi limeingizwa kwenye ramani ya huduma? Kaya 23 za mtaa huu zimejiorodhesha na ziko tayari kulipia. Naomba namba ya kumbukumbu ya barua hii."

Kaya 23 sikuzibuni. Nilipita nyumba kwa nyumba Jumapili mbili na daftari. Fanya hivyo, kwa sababu kampuni inasikia hesabu ya wateja kuliko inavyosikia kilio. Ila daftari likae kwako. Usirushe namba za simu za watu kwenye grupu la mtaa, utaletewa matapeli wanaojifanya mafundi wa faiba, "tuma elfu ishirini ya usajili". Kwetu alikuja mmoja, mzee wa nyumba ya kona akanusurika kidogo.

Hesabu hiyo ina faida nyingine. Kama boksi lina poti nane na mtaa una kaya 23, kumi na tano zitaambiwa boksi limejaa siku ile ile litakapowaka. Sema mapema ili waongeze splita au boksi la pili kabla mkaguzi hajaja. Na wewe uwe kwenye nane za kwanza. Hapo sina aibu, mtandao nilikuwa nautafuta kwa ajili ya duka langu.

Jambo moja nalisisitiza: usilipe kabla mwanga haujathibitishwa kwenye boksi. Jirani yangu alilipia kifurushi na ufungaji mwezi wa tisa kwa wakala wa barabarani, akakaa na ruta kwenye mfuko wa nailoni mpaka mwezi wa pili. Ukiwa umelipa tayari, hifadhi risiti, lalamika kwa kampuni kwanza kwa maandishi, na wasipokujibu uende TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ukiwa na ile namba ya malalamiko mkononi. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusemea watumiaji. Bila kuonyesha kwamba ulianza na kampuni, watakurudisha huko huko.

Barua yangu ilijibiwa siku ya nne. Mkaguzi alikuja wiki ya tatu.

Siku ya kupima

Mkaguzi alikuja na fundi wa kontrakta pamoja, jambo ambalo nadhani lingeweza kufanyika mwezi wa tisa. Nilifunga duka nikatoka kutazama. Fundi alipanda, akafungua boksi, akachomeka kifaa kidogo cha njano mfano wa kikokotoo cha shule. Wanakiita pawa mita. Akawa anasoma kwa sauti na mkaguzi anaandika: "Poti ya kwanza, hasi kumi na tisa nukta nne. Ya pili, hasi ishirini. Ya tatu, hasi thelathini na moja."

Mkaguzi akainua kichwa. "Rudia ya tatu."

Namba hizo ndizo za kujua, kwa sababu fundi akija nyumbani kwako atazipata na wewe una haki ya kuuliza. Ni kipimo cha nguvu ya mwanga, wanahesabu kwa desibeli, na kwa kuwa ni hasi, kadiri tarakimu inavyokuwa kubwa ndivyo mwanga ulivyo hafifu. Mtambo unarusha mwanga wenye nguvu kama ya chanya tatu hivi. Kila splita ya nane inakula desibeli kama kumi na nusu, na kwetu ziko mbili, moja kwenye kabati na moja kwenye boksi. Kilomita moja ya faiba inakula chini ya nusu desibeli, viungio vinakula kidogo kidogo. Jumlisha, utaona kwa nini hasi 19 au 20 ni jibu zuri pale nguzoni. Vifaa vingi vya kupokea mwanga wanavyofunga nyumbani vinasikia mpaka hasi 27. Zaidi ya hapo vinakuwa viziwi: leo unapata, kesho hupati, na fundi anakulaumu wewe kwa kuhamisha ruta. Ukipewa hasi 26 usisaini, mwambie asafishe kwanza.

Maana kosa la poti ya tatu lilikuwa vumbi. Boksi lilikaa miezi saba, na kizibo cha poti ile kilikuwa hakikubana. Kiini cha uzi wa faiba kina upana wa mikroni 9, unywele wa kichwani ni mara kadhaa ya hapo. Punje moja ya vumbi la Kinyerezi, hili jekundu linaloingia mpaka kwenye sukari, inaziba njia nzima. Fundi alitoa kifaa kama kalamu, akakibonyeza kwenye ncha mara mbili, kikalia "tik". Akapima tena. Hasi ishirini nukta moja. Miezi saba, na "tik" mbili.

Poti ya sita ilikuwa na kosa jingine: mtu alichomeka kichwa cha bluu kwenye tundu la kijani. Vinaingiana vizuri tu, lakini ncha ya kijani imekatwa mshazari wa digrii nane na ya bluu imenyooka, kwa hiyo havigusani sawasawa. Hilo hata wewe unaweza kuliona nyumbani: kijani na kijani.

Kuna mchezo vijana wa mtaani wanafundishana, wa kuelekeza kamera ya simu kwenye ncha ya waya ili kuona kama mwanga upo, kama tunavyojaribu rimoti ya televisheni. Haufanyi kazi. Mwanga wa faiba unaoshuka kwako una urefu wa wimbi wa nanomita 1490, na kamera ya simu haioni kitu kupita 1100 hivi. Utaona giza hata kama mwanga upo, halafu utasema boksi limekufa. Na usichungulie kwa jicho. Hiyo ni leza, jicho halioni lakini linapokea.

Taa za kwenye kifaa chako

Boksi liliingizwa kwenye mfumo siku mbili baada ya mkaguzi kusaini. Siku ya tatu nikafungiwa. Siku ya tatu hiyo hiyo nikakaa tena bila mtandao.

Kifaa kina taa kadhaa, wewe tazama mbili. Iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu na kupepesa, mwanga haujafika: waya umekunjwa, umekatika, au boksini hawajachomeka. Ikiwa LOS imezima lakini PON inapepesa bila kutulia, mwanga umefika ila mtambo haukijui kifaa chako. Ya kwangu ilikuwa hivyo, ikipepesa kijani siku mbili kama taa ya sherehe.

Kila kifaa kina namba yake ya pekee nyuma kwenye kibandiko, herufi nne za mwanzo za kiwanda halafu tarakimu na herufi mchanganyiko, na mtu ofisini lazima aiandike kwenye mtambo. Nilimpigia fundi, nikamwambia anisomee aliyoituma. Tukasoma pamoja, yeye kwenye simu yake, mimi nimekipindua kifaa juu ya mashine ya fotokopi. Tulipofika ya tisa yeye akasema "nane", mimi nikaona "B". Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, nipe dakika kumi." Zilikuwa sita. PON ikatulia.

Ushauri wangu: kibandiko hicho kipige picha wewe mwenyewe, umtumie fundi picha. Usimsomee kwa mdomo, na usimwache anakili kwa mkono akiwa juu ya ngazi. Muulize pia uko poti ya ngapi boksini, uandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye waya unapoingia ndani. Siku mtu mwingine akifungiwa na wewe ukakatika ghafla, utajua umechomolewa, na utasema ni poti gani.

Boksi la mtaa wa nyuma yetu bado. Jumamosi iliyopita alikuja dada mmoja mwenye saluni kule, ana picha ya lebo kwenye simu. Nikamuuliza kama amekwenda kulisikiliza kabati lao. Akasema amekwenda: kimya, la baridi, na pale pa mita pana ubao mtupu. Basi yeye ataanzia kwenye umeme. Nimemtolea nakala ya barua yangu, akabadilisha tarehe kwa kalamu pale pale kaunta, akalipa shilingi mia mbili ya fotokopi.